Nyota Tano za Mkasi

Benchi letu liko chini ya dirisha la duka la Mkasi, fundi nguo, aliyefariki miezi mitatu iliyopita. Alilipigilia misumari mwenyewe ili wateja wapate pa kusubiri, ila wateja wakachelewa kuja tukawahi sisi. Mimi nauza kahawa. Nakaa na birika langu mwisho wa benchi, upande wa jua, maana upande wa kivuli wanaume wameshajigawia: Antena, anayetengeneza simu, Rangi, mchora vibao, na Katibu, aliyestaafu kazi ya kutunza mafaili na bado anatembea na kalamu tatu mfukoni. Mjane wa Mkasi wote wanamwita shemeji. Asubuhi ile alikuwa ndani peke yake na cherehani mbili, na tulikuwa tunasikia moja tu, inakwenda kidogo, inanyamaza. Wateja wamekatika. Jumamosi kuna mtu angekuja kuichukua ile cherehani kubwa, ameshakubaliana naye, na ikishatoka hiyo, shemeji atafunga mlango aende na wanawe kukaa kwa kaka yake.

Rangi: Kosa ni kibao. Nimesema tangu zamani. Kimefifia, mtu akipita anadhani ni ukuta.

Katibu: Kibao si ulikichora wewe?

Rangi: Miaka sita iliyopita, mzee. Rangi nayo inazeeka.

Antena: Kibao, kibao. Siku hizi nani anainua kichwa? Watu wanatembea wameinamia simu. Duka liko kwenye simu au halipo.

Mimi: Na hili lipo?

Antena: Lipo, dada. Nilimfungulia marehemu kwa mikono hii. Lina nyota tano. Tano kamili, hakuna nne na nusu. Na maoni thelathini na moja.

Katibu: Thelathini na moja! Kuna maduka ya ghorofa hayana maoni hayo.

Rangi: Basi na nyota zote hizo, wateja wako wapi?

Hapo kila mtu akaangalia kikombe chake. Nikawaongezea.

Katibu: Mimi naona mkono wa mtu. Yule fundi mpya kule kona, mwenye mlango wa kioo. Anaweka picha za msichana amevaa nguo ambazo hata hakuzishona.

Rangi: Nimesikia analipa watu wapite mbele ya duka lake. Wanapita, wanarudi, wanapita. Ukitazama unasema pale kuna biashara.

Antena: Hiyo ni ndogo. Ninyi hamjui mtandao. Mtandao unajua nani ana huzuni. Shemeji akiangalia picha ya mumewe dakika tano, unaandika: huyu ana msiba. Basi wateja wote wanapelekwa kwa aliyecheka.

Katibu: Hilo nalikubali. Ofisini kwetu faili likipotea, ujue kuna mtu amelikalia. Na hawa wateja kuna mtu amewakalia.

Antena: Dawa ni video. Shemeji asimame pale mezani, akate kitambaa, muziki unapiga, anacheka kidogo.

Mimi: Acheke nini?

Antena: Si lazima acheke kweli.

Mimi: Miezi mitatu, Antena.

Akapuliza kahawa ambayo ilishapoa.

Shemeji akatoa kikombe dirishani. Alikuwa amevaa futi ya kupimia shingoni, kama alivyokuwa akiivaa mumewe.

— Nitilie nusu, mama.

Nikamtilia kikombe kizima. Nyuma yake, juu ya meza ya kukatia, ilikuwepo simu ya Mkasi, pembeni ya chaki, waya umechomekwa ukutani. Kila asubuhi anaichaji. Antena alishamwambia aiuze, akakataa. Mimi nilimuuliza mara moja anaichajia nini. Akanijibu, "Basi tu." Sikuuliza tena, nami nina vitu vyangu vya basi tu.

Katibu: Shemeji, usiwe na wasiwasi. Tunakusukia mpango hapa.

— Ahsanteni, shemeji zangu.

Akarudi ndani. Cherehani ikaenda kidogo, ikanyamaza.

Ndipo akaja mama mmoja ambaye hatukuwahi kumwona benchini. Amevaa viatu vya kazi, mkoba begani, anaangalia simu, anaangalia kibao, anaangalia tena simu.

— Samahanini. Hapa ndipo palipokuwa kwa Mkasi?

— Ndipo, na bado ndipo, akasema Rangi.

— Mimi nasimamia sare za hoteli. Alikuwa anatushonea kila mwaka. Nimekuja kutoa pole, nikasema majirani watanionyesha mjane alikohamia.

— Hajahama, nikamwambia. Yuko humo ndani anashona.

Yule mama akasimama tu.

— Anashona?

— Anashona tangu arobaini ilipoisha.

— Mbona imeandikwa pamefungwa?

Akatugeuzia simu. Mimi sisomi haraka bila miwani, kwa hiyo akasoma yeye. Chini ya jina la duka, kwa maandishi mekundu: limefungwa kabisa. Akasogeza kidole, akaendelea kusoma. Nyota tano, pumzika kwa amani fundi wetu. Nyota tano, umetuachia pengo. Nyota tano, kazi umeimaliza, lala salama. Nyota tano, tutaonana huko.

— Sare arobaini, akasema. Wiki iliyopita nimezipeleka kule kwenye mlango wa kioo. Mtu akisoma haya atakuja kufuata nini?

Hakuna aliyemwangalia. Maana tulikuwa tunaikumbuka siku ile. Tulitoka makaburini tukakaa hapa hapa, viatu vimejaa udongo, hakuna mwenye la kufanya. Antena akasema tuzuie wateja wasije kumsumbua mjane. Akafungua ramani ya simu. Ikamuuliza: limefungwa kwa muda, au limefungwa kabisa? Antena alitaka kubonyeza lile la kwa muda. Katibu akamshika mkono. "Kwa muda ni dhihaka," akasema. "Mtu tumemzika leo, wewe unaandika kwa muda, kana kwamba alisafiri?" Tukaona ni kweli, heshima ya marehemu ni kabisa. Simu ikataka na wengine wathibitishe. Rangi akathibitisha, Katibu akathibitisha. Mimi simu yangu ni ya kupigia tu, Rangi akaniazima yake ya pili, nikabonyeza. Kisha tukaweka nyota, kila mmoja, na majirani tukawaita nao wakaweka. Hatukuwa na daftari la rambirambi. Tuliandika pale palipokuwa na jina lake.

Na hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba duka lilikuwa la watu wawili. Yeye alikata, mkewe alishona.

— Na mwenyewe anajua? akauliza yule mama.

Katibu akatoa kalamu mfukoni, akaitazama, akairudisha.

— Naifuta, akasema Antena. Naifuta sasa hivi, ni dakika moja.

Akabonyeza. Akakosea, akabonyeza upya, yeye anayefungua simu kwa bisibisi nyembamba kama sindano.

— Imekubali?

— Bado. Wanataka mwenye duka mwenyewe athibitishe kwamba lipo. Wanamtumia namba, akiziandika hapa linafunguka.

— Wanamtumia wapi? akauliza Rangi.

Antena akageukia dirisha. Dirishani nyuma ya vichwa vyetu tulisikia kitu kikitetemeka juu ya mbao, mara moja, kikatulia, mara ya pili. Cherehani ikasimama katikati ya mshono. Kiti kikasukumwa.

Shemeji akatokea mlangoni. Alikuwa ameishika ile simu kwa mikono miwili, na waya wa chaji umeng'oka ukutani, unaning'inia. Hakumwona yule mama. Alituangalia sisi mmoja mmoja, kwa mpangilio tuliokaa.

— Simu yake imelia, akasema. Haijalia tangu siku ile.

Rangi akainua macho kwenye kibao chake. Antena akafunika simu yake kwa paja.

— Ninyi ndio mnaowajua watu wake. Nani anamtafuta?

Nikanyanyua birika nimtilie, angalau mikono yangu ifanye kitu. Yakatoka mashapo.