Na ya Fundi Saa

Benchi letu liko mbele ya kibanda changu cha viatu, katikati ya kinyozi na duka la kufuli. Mguu wake mmoja ni mfupi, tumeuwekea soli ya kiatu ambacho mwenyewe hakurudi kukichukua. Kila saa nne asubuhi muuza kahawa akitua birika, tunakaa kila mtu pake: Spika, yaani kinyozi, ambaye hajawahi kumwachia mtu zamu ya kusema, Methali, fundi kufuli, mwenye methali nyingi kuliko funguo na nyingi hazifungui kitu, na mimi. Pale mwisho, penye mwanga, palikuwa pa Fundi Saa. Hii ni wiki ya tatu tangu tumzike na hakuna aliyepakalia. Hatukukubaliana hivyo, imetokea tu.

Jana mpwa wangu anayesoma chuo alikuja na kompyuta yake, uso umemshuka. Mtaa mzima unamjua, maana ndiye aliyetuhoji mafundi sitini, mara moja kila wiki kwa wiki nne, kwamba kwa usiku mmoja tunalala kwa muda wa saa ngapi. Fundi Saa alijibu wiki mbili, kisha akatutoka. Sasa mwalimu wake anataka jedwali lisilo na pengo ifikapo Ijumaa: ama aujaze mstari wa marehemu kwa makadirio, ama aufute wote. Asipofanya hivyo, anarudia mwaka. Akatugeuzia kioo tuone. Mstari wa thelathini na moja ulisema: 4, 5, NA, NA.

— Na nini? akauliza Spika.

— Siyo "na", mjomba. Ni alama tu. Programu inaandika hivyo pale jibu linapokosekana.

— Mimi nimesoma na. Na ni na.

Tukatazamana. Marehemu hakuwa mtu wa kumaliza sentensi. Ataanza, "Leo nimeletewa saa ya ukutani, na…" halafu anainamia kazi, lenzi jichoni, sisi tunangoja. Hata robo saa. Akiinua kichwa anaendelea palepale alipoachia, wala haombi radhi.

— Hiyo programu umenunua wapi? akauliza Methali.

— Sikununua. Ile ya kununua bei yake ni ada yangu ya muhula mzima. Hii ni ya bure, wanafunzi na watafiti wanaitumia kila mahali. Imeandikwa na watu wa kujitolea, na ndani iko wazi. Ukitaka unaisoma yote.

— Rahisi ghali, akasema Methali. Kwa mara ya kwanza methali yake iligusa karibu na mlango.

Spika akajisogeza.

— Hao wa kujitolea umewaona?

— Hapana.

— Wako wangapi?

— Maelfu. Wengine walishafariki, lakini walichoandika bado kinafanya kazi kila siku.

— Basi jibu hilo. Wamemwajiri Fundi Saa.

Nilitaka kucheka. Muuza kahawa naye alitaka, nikamwona anaghairi.

Mpwa wangu akaeleza kwa sauti ya mtu asiyelala. Ameiamuru programu ijaze mapengo. Spika aliyekosa wiki ya pili kwa ajili ya msiba wa kwao amejaziwa saa sita. Methali, wiki ya nne, saa saba. Mstari wa thelathini na moja peke yake umebaki vilevile. Ameisoma ndani mstari kwa mstari, hakuona kosa. Akawatumia wale watu wa kujitolea jedwali lake, wakamjibu kwa upole kwamba kwao limejaa lote. Marehemu wamempata saa sita na nusu.

— Kwao hawamjui, akasema Methali polepole.

— Si uandike kwa mkono tu, nikamwambia.

— Niliandika juzi, mjomba. Sita na nusu, nikahifadhi. Asubuhi nimefungua, na.

Hakusikia alivyosema. Sisi tulisikia.

— Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akajaribu Methali. Kisha akaiacha hiyo, akashika nyingine:

— Haba na haba hujaza kibaba. Ziacheni hizo "na", zitajaa zenyewe.

Siku nyingine tungemzomea. Jana niliona Spika anasogeza kikombe chake mbali na ule mwisho wa benchi.

Nikamwambia mpwa wangu amfute. Nasema wazi, niliogopa, na kurudia mwaka si mchezo.

— Nikimfuta itakuwa kama hakuwahi kulala wala kuamka hapa mtaani, akasema. Lakini kidole alikipeleka kwenye kitufe.

Hapo ndipo mjane wake alipofika. Tangu mazishi hakuwa amekanyaga kijiweni. Kioo kilitazama kwetu, yeye hakukiona. Akatusalimu, akatafuta pa kukaa, na nafasi ilikuwa moja tu. Akakaa.

— Shemeji zangu, nina swali dogo. Ninyi ndio mliomzoea.

Tukamwambia aulize.

— Asubuhi ile ya mwisho alikuwa anafunga viatu. Akaniambia, "Leo nimelala vizuri, na…" Nikangoja. Mnamjua alivyo. Nikaendelea kukunja nguo, namngoja amalize. Nikakunja zote.

Akatutazama mmoja mmoja.

— Na nini?

Muuza kahawa aliinamisha birika juu ya kikombe cha mgeni, halikutoa hata tone, naye akabaki ameliinamisha hivyohivyo.

Mpwa wangu aliondoa kidole kwenye kitufe. Aliandika kitu chini ya jedwali, akanigeuzia mimi peke yangu nisome kabla hajampelekea mwalimu: "Mstari wa 31: mhojiwa hajamaliza kujibu."

Mama wa watu alikuwa bado amekaa pale penye mwanga, mikono mapajani. Hakuna aliyemwambia aende. Tulikaa naye, tukangoja.