Dodge ya Zambarau, Mke Mwenza Wangu

Ndugu waombolezaji, majirani wa Hamtramck, na nyinyi wapenzi wa magari ya zamani mlioziba barabara nzima kwa kuegesha, aliyepangwa kusoma historia hii ni mwanetu Gerard, lakini nimemnyang'anya karatasi, kwa sababu ameandika kwamba baba yake aliishi na mke mmoja, na huo si ukweli wote.

Marehemu Leonard Wojtas alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 hapa hapa Hamtramck, Michigan, mtoto wa tatu wa mzee Bronislaw na mama Jadwiga, akasoma shule ya parokia hadi mwaka 1967, na Julai mwaka huo akaajiriwa na kiwanda cha magari, kitengo cha kufunga viti. Wafungaji viti walikuwa na mazoea yao, kila gari lilikuja na karatasi ya maelekezo, nao badala ya kuitupa waliichomeka kwenye springi za kiti cha nyuma, na Leonard hakuchomeka yake bila kutia herufi mbili za jina lake kwa penseli nyekundu. Tarehe 9 Februari 1970 alifunga viti vya Dodge moja ya zambarau, yenye injini ya kunguruma mpaka vikombe vinacheza kabatini, iliyoagizwa na mwimbaji Delphine Rusk, ambaye alikuja mwenyewe kuishukuru zamu nzima, akambusu Leonard shavuni. Miaka arobaini na sita ya ndoa nimesimuliwa shavu hilo.

Tulifunga ndoa tarehe 16 Juni 1973, na tarehe 3 Oktoba mwaka uliofuata ile Dodge ikaibwa nje ya klabu mjini Detroit, mwimbaji akalia redioni, mume wangu akaapa kuitafuta. Tulijaliwa watoto wawili, Renata, aliyezaliwa tarehe 22 Aprili 1975 wakati baba yake yuko Toledo amelala chini ya gari la watu, na Gerard, tarehe 5 Januari 1978, siku ambayo namshukuru Mungu theluji ilifunga barabara. Nilipolalamika alisema, "Wanda, unaonea wivu chuma?" nami nikamjibu, "Chuma hakinuki marashi, hicho chako kinanuka." Mke mwenza wa miguu miwili ungemfuata kwake mkasutana, wangu alikuwa na magurudumu manne na hajulikani alipo.

Renata, usinivute gauni, nitamaliza.

Tarehe 18 Septemba 2003, Leonard akiwa kazini, mwanamke mmoja wa Lapeer alipiga simu, akasema, "Dada, tumeona tangazo la mumeo, bandani kwetu kuna gari la zambarau, kuku wamelifanya kitanda." Nilikwenda peke yangu. Wezi walikuwa wamekwangua kila namba ya chesisi, nikainua kiti cha nyuma kama nilivyosimuliwa mezani kwangu miaka thelathini, na karatasi ilikuwapo, na herufi nyekundu zilikuwapo, nikaitia kwenye mkoba.

Jumamosi nilimpeleka Leonard mimi mwenyewe, maana nilitaka kuona. Alipapasa springi moja moja, mkono umezama mpaka begani, kisha akasema, "Siyo yenyewe, Wanda. Yangu ina karatasi." Mtu mwingine yeyote angeitazama ile rangi akaamua, lakini mfungaji viti haamini gari, anaamini karatasi. Nilimwambia, "Pole, mume wangu," na moyoni napiga vigelegele. Jioni ile alikula sahani mbili za pierogi, na mwezi mzima alishinda nyumbani Jumapili, tukacheza polka ukumbini kwa padri, nikadhani nimeshinda. Novemba akatoa tangazo jipya, akatafuta miaka kumi na sita mingine.

Moyo ulianza kumsumbua mwaka 2017, akalazwa tarehe 27 Oktoba 2019, na kila siku nilikwenda hospitali na ile karatasi mkobani, na kila siku nikarudi nayo. Niliogopa kwamba nikimpa, tabasamu lake la mwisho litakuwa la yule mke mwenza, si langu. Asubuhi ya tarehe 2 Novemba aliniambia, "Kesho nipigie yule mtu wa Saginaw, anasema ana ya zambarau," nikasema, "Nitapiga," na saa nne akafariki.

Karatasi hii hapa. Gari bado liko Lapeer, juzi nimepita nikaliona, wanangu mkalichukue, na mkitaka kunikasirikia mna haki, ila tumzike kwanza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani kwa supu zao, wenzake wa kitengo cha viti, na yule dada wa Lapeer, ambaye hakuwahi kuniuliza kitu.

Leonard, Delphine Rusk alikutangulia mwaka 1999, yuko huko huko. Pumzika kwa amani, mume wangu, na usimtafute mtu mpaka nije.