Gemu Moja ya Selina

Benchi letu liko karibu na kivuko cha kwenda Kamanga, na kahawa ni yangu mimi Bashiru. Nasema mapema: kahawa yangu haijamfanya mtu yeyote mjinga, wanakuja hivyo hivyo toka nyumbani. Jana Selina, binti wa mzee Nkwabi, alicheza tenisi kwenye michezo ya mataifa huko ng'ambo, akafungwa sita bila, sita moja. Leo asubuhi kamtumia baba yake ujumbe. Kesho ana mechi nyingine, ya wawili wawili, lakini anaona aibu. Anataka asingizie mguu unauma, ajitoe. Nkwabi kashika simu tangu kikombe cha kwanza, hajui amjibu nini.

Elias tunamwita Kipenga, maana aliwahi kuchezesha mechi za shule. Akahukumu bila kuombwa. Hapa kwetu ukifungwa drafti unainuka, unampisha mwenzako.

— Basi na Selina ainuke, bwana Nkwabi. Ajitoe.

Yeremia, yaani Daktari, ambaye hajawahi kutibu hata kuku, akaleta yake. Eti mtoto wa Mwanza kazoea upepo wa ziwa. Mpira ukimpita anangoja upepo umrudishie. Kipenga akaongeza kwamba miguu iliyokulia kwenye mawe ikikanyaga tambarare inapotea. Daktari akaona anapitwa. Akasema ile mipira ina manyoya, na chenye manyoya kinamjua anayekifuga, kwa hiyo huko ugenini Selina angeshindaje? Nilimnyima kikombe cha pili.

Mama mmoja aliyekuwa anasubiri kivuko akasogea.

— Shikamooni, wazee.

— Marahaba.

— Samahanini. Hiyo gemu moja aliyoshinda, aliishindaje?

Ukweli ni kwamba jana tulitazama pamoja kwenye simu ya Daktari, na seti ya pili ilipofika tano bila tukaizima. Matokeo tuliyasoma baadaye. Mimi mwenyewe ndiye niliyesema zima, na nilijisikia vibaya sana pale mbele ya yule mama.

Nkwabi akapiga simu. Hata salamu hakutoa.

— Selina, ile gemu moja. Nisimulie.

Binti akaanza kwa sauti ya chini, sisi tumeinamia simu. Alikuwa nyuma, arobaini bila. Akajisemea kama ni kufungwa, afungwe anapiga. Akachukua pointi tano mfululizo, na ya mwisho yule mpinzani hata hakuigusa. Kufika hapo sauti imeshapanda, Kiswahili kimeisha, anamalizia kwa Kisukuma na anacheka.

Nkwabi alimwacha acheke mpaka amalize.

— Huo mguu hauumi, mwanangu. Kesho unaingia, unapiga vile vile. Na sisi hatuzimi.