Siku Niliyomfukuza Baba Yenu Mdogo

Fungeni mlango, wanangu, mkae upande huu wa kulia, maana ule wa kushoto umekwisha kufa tangu kiharusi kiliponipiga, na mtu akiketi huko huwa kama hayupo. Mkubwa, weka simu chini. Wewe wa kati acha kunipepea, sina joto. Na wewe kitinda mimba wangu, njoo uketi hapa kitandani, kwa kuwa maneno haya ni yako kuliko ya wenzako. Pumzi ya kuyasema ninayo, ya kuyarudia sina, basi asinikatize mtu.

Habari ya mali haina maneno mengi. Nyumba hii ni yenu nyote watatu, wala asiiuze mmoja wenu nyuma ya mgongo wa wenzake. Gereji, mashine ya kuchomelea na kabati la spana ni vya binti yangu mkubwa, kwa sababu tangu yuko shule ndiye aliyependa grisi wakati huyu wa kati alipenda vitabu. Wa kati, shamba ni lako, ingawa jembe hulijui. Limebaki gari, na hilo ndilo lililonifanya niwaite.

Mkono wa mdogo wenu mnaujua, na sababu yake mmeisikia kinywani mwangu tangu mkiwa wadogo: kwamba asubuhi ile mama yenu aliposhikwa na uchungu gari halikuwaka, nikamtuma jirani kwa baba yenu mdogo, fundi umeme wa magari, ambaye watu walimwita Sikio kwa jinsi alivyosikiliza injini akautaja ugonjwa wake kabla hajafungua boneti, naye akakataa kuja. Mkakua mkimchukia. Harusi za wanawe hamkwenda, na salamu zake mlizipokea kwa ncha za vidole.

Wanangu, alikuja.

Kaeni. Nimesema kaeni. Tulikuwa na gereji moja, mimi na yeye, na siku moja mteja alinipita mimi niliyesimama mlangoni, spana mkononi, akauliza, "Fundi yuko?" Hilo tu. Hasira hasara, tunawaambia watoto, na mimi mtu mzima nikaibeba hasira ile mpaka tukagawana vyombo, nikamkataza kukanyaga kwangu. Gari langu likaanza kukosakosa. Distribyuta, kile chombo kinachogawia plagi umeme, kila moja kwa zamu yake, mhimili wake ulikuwa umelegea. Nikanunua nyingine, nikaifunga mwenyewe jioni, kwa haraka, ili asije mtu akasema nimemhitaji Sikio. Mkubwa, wewe unajua: kabla ya kung'oa ya zamani unatia alama, rota, kile kidude kinachozunguka ndani yake, inaelekea wapi. Sikutia alama. Mimi niliyewafundisha watu ishirini kutia alama.

Saa moja asubuhi mama yenu yuko kiti cha nyuma, ameshika mgongo wa kiti cha mbele kwa mikono miwili. Nageuza ufunguo, injini inakohoa, inapiga mshindo, inanyamaza. Jirani akakimbia kumwita Sikio, wala si mimi niliyemtuma. Akaja na baiskeli. Alisikiliza mara mbili tu, akasema, "Kaka, umeifunga kinyume, nusu duara. Moto unafika wakati hautakiwi. Nipe spana namba kumi na tatu, dakika kumi haziishi."

Mama yenu akasema, "Mpe, baba watoto."

Nikasema, "Toka uani kwangu."

Akanijibu taratibu, kama mtu anayembembeleza mgonjwa, "Nifukuze kesho, kaka. Leo nipe spana." Nikamsukuma kifuani. Nikafunga geti. Kisha nikarudi kwenye ufunguo, nikageuza, nikageuza, mpaka betri ikaisha, na hata hapo mkono wangu ulikuwa bado unageuza. Wewe mdogo ulizaliwa mle mle garini, bega likakwama, jirani mwanamke asiyejua kuzalisha akavuta kwa hofu, na mkono wako wa kushoto haujanyanyuka mpaka leo. Pikapu iliyowapeleka hospitali, ambayo nimewaambia miaka yote kuwa aliileta jirani, aliileta yeye. Alizunguka mitaa yote akiitafuta.

Mama yenu alisikia kila neno. Aliniambia mara moja tu, "Ukiwa tayari utawaambia mwenyewe." Akafa akiningoja.

Njia ya mwongo ni fupi, watu husema. Yangu imenichukua miaka thelathini na moja. Mwaka jana, kabla sijaanguka, niliwaaga kwamba naenda kununua vipuri, nikaenda kwake. Nilimkuta barazani, vifungo vya shati vimepishana. Mkewe akaniambia, "Shemeji, hakumbuki watu siku hizi." Nikadhani ananitania. Nikapiga magoti, mzee mimi na magoti yangu haya, nikamweleza yote kama nilivyowaeleza ninyi, sikuacha hata spana. Akanisikiliza vizuri sana. Akanishika bega, akasema, "Pole, mzee wangu. Na huyo ndugu yako yuko wapi sasa?"

Niliinuka, nikajikung'uta magoti.

Nikaenda kuwasha gari, lile lile la siku ile, niondoke, likakataa. Aliposikia tu injini inavyokohoa akasimama, akaja, akafungua boneti, akabana vishikizo vya kofia ya distribyuta, akaichomoa rota, na mimi nikasema huyo, amerudi. Akaigeuza rota kwenye vidole. Akaitazama. Akanitazama mimi. Kisha akaitia mfukoni mwa shati, akaingia ndani kulala. Nilisimama pale mpaka jua likahama. Kuomba kile kidude sikuweza. Nikarudi kwa basi, nikawaambia gari nimeliacha gereji ya mbali. Wiki mbili baadaye nikaanguka bafuni, mkanikuta.

Maji. Hapana, kidogo tu... basi.

Usilie, kitinda mimba. Au lia, nimekukataza mengi. Sikuombi msamaha, maana ningekuomba uache haki yako ili mimi nife vizuri. Wala sikuachii kitu kwa ajili ya mkono huo, kwa kuwa hakuna kitu kinachotoshana nao.

Gari ni la baba yenu mdogo. Mkubwa, nenda na distribyuta mpya, ile nyingine imechoka. Silinda ya kwanza... pistoni iwe juu kabisa, ikiwa inangoja moto. Utie alama. Ifanye kazi pale pale uani kwake, yeye akiwa karibu asikie. Rota msimdai. Wa kati, wewe una maneno, kawaambie wanawe kwamba baba yao hakukataa. Waambie mlangoni, kabla hamjakaribishwa kuketi. Wakiwafukuza, rudini siku nyingine.

Na ninyi watatu... neno liwe moja kati yenu. Mungu awape masikio ya kusikia mnapoambiwa mmekosea. Awape watoto wasiowaogopa. Mkono wangu huu mmoja... uwekeni kichwani kwa mdogo. Mimi sifiki. Hapo. Nywele zako ni za mama yako.

Mtamwambia Sikio kwamba kaka yake alisema... alisema yeye ndiye aliyekuwa fundi. Atawauliza, kaka gani. Mwambieni. Kesho yake atakuwa amesahau.

Mwambieni tena.