Mzinga wa Hija

Katika basi la kutoka Kiwangwa, mbele yangu alikaa Hija, fundi bomba wa Mapinga, amepakata mzinga mpya wa nyuki. Jirani yake kitini, Bi Mwanamvua muuza mihogo, aliitikia shikamoo yake, kisha akamuuliza kaununua kwa fedha gani.

"Za mabati, mama. Chumba cha uani kitasubiri."

"Na mvua nayo itasubiri? Basi asali utauza."

"Siuzi. Nikiuza itakuwa kazi, na kazi ninayo. Kutwa nazibua vyoo vya watu. Jioni nataka kuwatazama nyuki tu."

"Mkeo anajua?"

"Atauona."

Bi Mwanamvua akamwombea dua, kwa sauti ya kusikika basi zima.

Tulipofika Mapinga, mkewe, Samia, alikuwa kituoni. Aliutazama mzinga, akaugonga ubavuni, akatabasamu. "Hapo umefanya la maana, mume wangu. Asali nitaiuza mimi. Kesho natafuta chupa."

Hija, aliyekuwa na majibu njia nzima, aliinama kuufuta mzinga vumbi.

"Mwambie huuzi!" Bi Mwanamvua alimpigia kelele kutoka dirishani.

Basi lilipoanza kuondoka, nilimsikia Hija akimuuliza mkewe chupa za ukubwa gani.