Sahihi Moja ya Mwalimu Lydia Wakesho Mwakio, 1941–2019

Jennifer Mkamburi Mwasi, aliyeombwa na familia kuandika wasifu huu, ni mtoto wa kaka wa marehemu, naye alilelewa na marehemu tangu akiwa na umri wa miaka saba. Ni haki waombolezaji wajue mapema kwamba kwa miaka mingi alimwelewa vibaya shangazi yake. Alimdhania kuwa mwanamke mkali aliyemwonea haya mtoto aliyeletewa kutoka Taita. Pale ambapo maneno yatakayofuata hayatamtendea marehemu haki, kosa ni la aliyeandika.

Mwalimu Lydia alizaliwa tarehe 14 Agosti 1941 huko Mgange, Taita, mtoto wa pili kati ya sita wa Mzee Elijah Mwasi na Mama Rahel Mkamburi. Katika nyumba hiyo adabu ilikuwa na utaratibu wake. Mtoto akisemeshwa na mkubwa aliinamisha macho, akanyamaza kidogo kuonyesha kwamba amefikiri, kisha ndipo akajibu. Mama Rahel aliwalea hivyo watoto wake wote, na baadaye wajukuu.

Alisoma shule ya msingi ya misheni hapo Mgange, kisha shule ya wasichana kuanzia mwaka 1955 hadi 1958, na mwaka 1960 alihitimu chuo cha ualimu. Alifundisha Voi kwa miaka sita. Darasa lake la kwanza lilikuwa na watoto hamsini na wawili na vitabu vinne vya kusomea, na alipenda kusema kwamba hajawahi tena kupata darasa lililomsikiliza kama lile.

Tarehe 18 Desemba 1965 alifunga ndoa na Bwana Fanuel Mwakio. Mwaka uliofuata Bwana Fanuel alikwenda London kusomea uuguzi, na Oktoba 1967 mkewe alimfuata, cheti chake cha ualimu kikiwa kimeviringishwa ndani ya kanga ili kisikunjike. Walipanga vyumba viwili Edmonton, na mwaka 1970 walimpata binti yao wa pekee, Mshai.

Cheti kile hakikukubaliwa. Ofisi ya elimu ilimjulisha kwamba hakitambuliki, ikamwelekeza kwenye kazi ya jikoni katika shule moja ya msingi karibu na kwake, kuwagawia watoto chakula cha mchana. Aliifanya kwa miaka mitatu na nusu. Ilisimuliwa baadaye kwamba mtoto aliyetaka kastadi ya ziada, ule uji mtamu wa maziwa, kwa Bibi Mwakio alipaswa kwanza kumwambia saba mara nane ni ngapi, na foleni yake ikawa ndefu kuliko nyingine zote. Mwaka 1971 aliingia chuo cha ualimu upya, akakaa miaka mitatu akifundishwa mambo aliyokuwa amekwisha kuyafundisha. Septemba 1974 alirudi katika shule ileile akiwa mwalimu, na alikuwa mwalimu mweusi peke yake. Asubuhi ya kwanza mzazi mmoja alimkabidhi kikombe kitupu na kumuuliza mwalimu yuko wapi. Alikipeleka kikombe jikoni, akarudi, akasimama mbele ya ubao.

Wakati ule palikuwa na shule za pembeni kwa ajili ya watoto waliohesabiwa kuwa na akili nzito. Watoto weusi walipelekwa huko kwa wingi usiolingana na idadi yao, na aliyeingia ilikuwa nadra atoke. Mtoto alipimwa na mtaalamu wa halmashauri, mwalimu wa darasa akasaini, kisha mzazi akasaini. Wazazi waliotoka kwetu waliulizwa mara chache na wao wakauliza mara chache zaidi, kwa kuwa nyumbani karatasi ambayo mwalimu ameisaini haisomwi mara mbili.

Jennifer aliletwa London Septemba 1976, baada ya mama yake kufariki, akaandikishwa katika shule aliyofundisha shangazi yake, ingawa darasa lake lilikuwa la mwalimu mwingine. Tarehe 11 Mei 1977 aliitwa kupimwa. Mtaalamu alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole, naye Jennifer alifanya kama bibi yake alivyomfunza: aliinamisha macho, akanyamaza ili aonekane amefikiri. Mtaalamu hakungoja. Kila ukimya aliuandika, akaenda kwenye swali lililofuata. Kati ya maswali thelathini, ripoti ilisema, mtoto alijibu manne.

Barua ilipofika, Mwalimu Lydia aliisoma amesimama, akaikunja. Jioni ile alimketisha Jennifer kwenye meza ya jikoni.

"Nitazame," alisema.

Jennifer aliinamisha macho.

"Nitazame machoni, Jennifer. Nikikuuliza, jibu kabla sijafunga mdomo."

Mtoto aliona huo ni mtego. Mgange, aliyemkodolea shangazi macho alilala bila chakula. Mshai, mwenye miaka saba, aliyezaliwa hapa na aliyezoea kumtazama mama yake usoni hata alipokuwa akikaripiwa, alicheka na kusema kwa Kiingereza kwamba binamu yake anaongea na sakafu. Mama yake alimtoa jikoni. Baada ya hapo zoezi liliendelea kila jioni ya siku za shule, na Jennifer alipolia, shangazi yake alingoja amalize, kisha akauliza tena swali lilelile. Bwana Fanuel alimwomba mkewe mara moja ampunguzie mtoto. Alijibu kwamba watakaomwuliza huko hawatampunguzia.

Jumanne tarehe 24 Mei 1977 Mwalimu Lydia aliitwa na mwalimu mkuu kama mlezi wa Jennifer. Mwalimu wa darasa alikuwa amekwisha kusaini. Jennifer aliketishwa kwenye benchi nje ya mlango uliobaki wazi kidogo. Alimsikia mwalimu mkuu akieleza, bila ukali wowote, kwamba huko madarasa ni madogo na mtoto atapumzika. Alimsikia akiongeza kwamba mwaka juzi Bibi Mwakio hakuona ugumu wa namna hii. Kisha kikafuata kimya kirefu. Jennifer alikifahamu kimya kile. Kilikuwa cha Mgange, na kwa mawazo yake ya utotoni maana yake ilikuwa moja tu, kwamba mkubwa amesema na shangazi amekubali.

"Tafadhali, chukua kalamu," alisema mwalimu mkuu.

"Kalamu ninayo," alijibu Mwalimu Lydia. "Sisaini. Mtoto apimwe tena Julai, na mimi niwe ndani ya chumba."

Walibishana hadi kengele ya mapumziko. Aliambiwa kwamba anahatarisha nafasi yake, naye akaomba maneno hayo yaandikwe. Hayakuandikwa. Julai mtoto alipimwa upya, akamtazama mtaalamu machoni kwa hofu kubwa, akajibu maswali ishirini na sita. Alibaki. Mwaka 1991 alihitimu chuo kikuu, na siku ile shangazi yake alipiga makofi akiwa ameketi, kwa kuwa magoti yalikuwa yameanza kumsumbua.

Mwalimu Lydia aliomba unaibu wa mwalimu mkuu mara tatu, na mara zote tatu cheo hicho alipewa mtu ambaye yeye mwenyewe alikuwa amemwelekeza kazi. Alistaafu Julai 2001 akiwa bado mwalimu wa darasa. Jennifer, akiwa amekwisha kusoma na kujiona mwerevu, alimwambia siku moja kwamba alikosea kwa kutopigania cheo kwa nguvu zaidi. Alijibu kwamba nguvu alizokuwa nazo alizitumia mahali pengine, akaomba apitishiwe chumvi.

Nyumbani alikuwa na mazoea fulani yaliyowachekesha wote. Kila Jumamosi asubuhi, kwa miaka mingi, alipanda mabasi mawili hadi Southall, kwenye duka la Bwana Gurdial, Singasinga aliyezaliwa Kisumu, akarudi alasiri na kikapu cha mchicha na bamia. Bwana Fanuel alimuuliza kama mchicha wa Edmonton una sumu. Alimjibu kwamba wa Gurdial unajua Kiswahili.

Bwana Fanuel alitangulia mwaka 2008. Mwaka 2016 figo za Mwalimu Lydia zilianza kudhoofika, na kwa miaka miwili alisafishwa damu mara tatu kwa wiki, akiwasahihishia wauguzi vijana kutoka Kenya Kiswahili chao. Aliaga dunia hospitalini, kaskazini mwa London, Jumanne tarehe 5 Machi 2019, akiwa na umri wa miaka sabini na saba, Mshai na Jennifer wakiwa kando yake.

Ameacha binti yake Mshai, wajukuu wawili, dada yake mmoja aliyeko Mgange, na Jennifer aliyemlea kama mtoto wake. Mungu aliyempa kazi ngumu na ampe sasa pumziko la amani.

Maneno hayo yalikuwa yamekwisha kupelekwa kuchapishwa wakati Alhamisi mchana alipofika nyumbani Bwana James Njenga, fundi umeme, mwenye umri wa miaka hamsini na mmoja. Ameombwa awe miongoni mwa watakaobeba jeneza, na mpiga chapa amekubali kuongeza aya hii. Mwaka 1975, akiwa na miaka saba, James alikuwa katika darasa la Mwalimu Lydia. Alipimwa, naye Mwalimu Lydia, akiwa katika mwaka wake wa kwanza na akimwamini mtaalamu, alisaini. Mama yake James alipoona jina la mwalimu wa kwao limetangulia, aliandika lake chini yake bila kuuliza, na mtoto akapelekwa. Baadaye mama huyo alihamia Southall, kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la Bwana Gurdial. Mwalimu Lydia alimtafuta hadi akampata. Alisimama kwenye ngazi na kusema kupitia mlango uliofungwa, "Mama James, ulisaini kwa sababu nilisaini. Nimekuja kumfundisha mtoto." James alifundishwa na yeye kila Jumamosi kwa miaka tisa, hadi alipofaulu mtihani wa kuingia chuo cha ufundi. Jumamosi tatu za kwanza Mwalimu Lydia hakufunguliwa mlango, akashuka dukani, akanunua mchicha, akarudi Edmonton. Ya nne alifunguliwa.