Eufrosina Mena, Aliyeifundisha Mikono Kungoja

Eufrosina Mena Lozano, shangazi yetu tunayemzika leo hapa Quibdó, jimboni Chocó, alizaliwa kijijini Tutunendo tarehe 11 Machi 1951, binti wa tatu wa Bwana Leovigildo Mena na Bi. Pastora Lozano. Mama yake alikuwa mkandaji, na Eufrosina alijua kukanda kabla ya kujua kusoma.

Alisoma shule ya msingi Tutunendo, akamaliza sekondari hapa mjini mwaka 1969. Mwaka 1974 alifunga ndoa na seremala Wilfrido Asprilla, wakajaliwa watoto wawili.

Lililomfanya awe mwalimu si jambo la fahari, na mwenyewe alituagiza tusilipambe. Juni 1979, Yamil Rentería, winga wa timu ya mtaa wetu, alipigwa pajani kwa goti la mpinzani uwanjani, siku chache kabla ya kwenda Medellín kujaribiwa na klabu kubwa. Watu walijaa sebuleni kwa shangazi.

"Dada Frosina, mtie mikono huyu! Medellín wanamngoja!"

"Inauma kweli, dada," Yamil alisema.

"Nyamaza wewe, kwani una miguu ya kioo?" wakamcheka.

Shangazi alimkanda kwa dawa ya moto na kwa kiwiko, asubuhi na jioni, kama alivyofundishwa nyumbani. Jeraha bichi la namna ile halikandwi. Paja lilivimba, likawa gumu, na baadaye daktari aliwaonyesha kwenye picha mfupa ulioota ndani ya msuli. Goti la Yamil halikukunjika sawasawa tena, na mpira ukaishia hapo. Mpaka leo anatengeneza injini za mitumbwi gatini.

Shangazi aliacha kukanda. Alikuwa akienda sokoni kwa njia ya nyuma asipite kwa kina Rentería. Mwaka 1983 alikwenda Medellín kusomea tiba ya viungo, na mwaka 1990 akaanzisha hapa mafunzo ya watabibu wa wanamichezo, aliyoyaongoza hadi 2017. Wanafunzi wake wanakumbuka bandeji. Aliwafanya wafungane vifundo vya miguu mpaka mkono uzoee, kisha akazifua mwenyewe, na kwa mvua zetu hazikukauka. Alizianika nyuma ya friji, na marehemu Wilfrido akalalamika kwamba jibini lote linanuka miguu.

Somo la kwanza la kila mwaka lilikuwa paja la Yamil. Alimwita, akamketisha mezani, kila mwanafunzi akabonyeza.

"Taratibu, nyie!" Yamil aliwatania. "Mimi si unga. Aliyenikanda alinikanda ya kutosha."

Darasa lilicheka. Shangazi alisema tu, "Hiyo ni kazi yangu," akageukia dirishani. Miaka yote hiyo yeye mwenyewe hakulishika kamwe, wala hakumwomba Yamil msamaha. Alituambia kuwa kila mwaka alipanga kusema, na kila mwaka aliona haya.

Agosti 2023 alipatikana na ugonjwa wa figo. Wiki mbili kabla ya kufariki alituma aitwe Yamil. Akaja na mikono yenye grisi, akaketi kitandani.

"Mwalimu, unaniita tena? Wanafunzi wako wapi?"

"Hakuna wanafunzi."

"Basi leo lishike mwenyewe."

Akaliwekea mkono, akalia. "Nisamehe, Yamil. Ulisema inauma."

Yamil aliuacha mkono ule pajani. "Nilikuwa naja kila mwaka nikidhani ndiyo siku utakayosema," akajibu. "Nimekusikia, Mwalimu." Shangazi hakumdai zaidi.

Alifariki nyumbani kwake alfajiri ya tarehe 2 Mei 2024, mwanawe Nubia akiwa pembeni yake.

Ameacha watoto wawili, Nubia na Heriberto, wajukuu watano, mdogo wake Bi. Domitila, na watabibu aliowafundisha, walioko viwanjani kote Chocó. Yamil Rentería ameketi leo pamoja na familia. Marehemu aliagiza, nasi tunawaomba wanafunzi wake wote: msimwombe tena awaonyeshe paja lake.

Mungu aipokee mikono yake, na ampumzishe.